Nilivyoziondoa siri za mfumo wetu kwenye ujumbe wa simu

Timu yetu ya watu wanne, yenye ofisi kando ya Ngong Road, hutunza mfumo unaopokea malipo ya maduka ya rejareja kupitia M-Pesa. Kwa muda mrefu nenosiri la hifadhidata na funguo za Daraja (huduma ya Safaricom inayounganisha programu na M-Pesa) tulipeana kwa ujumbe wa simu, kila mmoja akijiandikia faili yake ya .env, yaani faili ya mipangilio ambamo programu husoma siri hizo. Mwenzetu mmoja alipopata kazi kwingine na kutuaga kwa heri, nilitambua kwamba aliondoka na kila siri tuliyokuwa nayo, ingawa hakuwa na nia yoyote mbaya.

Nilipopekua historia ya mradi katika Git, programu inayohifadhi kila toleo la msimbo, nilikuta jambo zito zaidi: faili ya siri iliyokuwa imefutwa zamani bado ilisomeka katika matoleo ya nyuma. Wengi hukimbilia kuisafisha historia, lakini nakala zilikwisha kufika kwenye kompyuta za kila aliyewahi kuuchukua mradi huo. Kwa hiyo nilianza kwa kubadilisha siri zenyewe, na usafi wa historia ukafuata baadaye.

Ndipo tukachagua SOPS, programu ya kusimba faili za siri iliyoanzia Mozilla, tukiitumia pamoja na age, programu ndogo ya usimbaji inayotengeneza funguo. Kilichonivutia ni kwamba SOPS husimba (hugeuza kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo) thamani peke yake na kuyaacha majina yakisomeka, hivyo anayekagua mabadiliko huona kwamba nenosiri la hifadhidata limebadilika bila kuliona lenyewe. Kila mtu ana jozi yake ya funguo. Ule wa umma, wa kusimbia, unaoanza na herufi age1, huandikwa katika faili ya .sops.yaml, na ule wa siri, wa kufungulia, haubanduki kwenye kompyuta yake. Thamani zote husimbwa kwa ufunguo mmoja wa data, nao ufunguo huo husimbwa upya kwa ajili ya kila aliyeorodheshwa.

Hapo ndipo nilipokaribia kukosea. Nilidhani kwamba kuliondoa jina la mtu kwenye orodha na kuendesha amri ya updatekeys, inayolinganisha faili na orodha mpya, kunatosha. Nilitengeneza ufunguo wa majaribio, nikauorodhesha, nikauondoa, kisha nikarudi kwenye toleo la awali la faili: ufunguo huo ulifungua kila kitu bila kizuizi. Usimbaji humzuia asiyewahi kuwa na ufunguo, lakini haumnyang'anyi mtu alichokwisha kukiona. Tangu siku hiyo, mtu akiondoka, tunabadilisha ufunguo wa data, na muhimu zaidi, tunaomba funguo mpya za malipo na kubadilisha nenosiri la hifadhidata siku hiyo hiyo. Majina na nambari za simu za wateja zimo katika hifadhidata hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai tuzilinde.

Seva ina ufunguo wake yenyewe, uliowekwa nje ya mradi katika faili inayosomwa na akaunti inayoendesha mfumo pekee. Ufunguo wa akiba tumeuchapisha kwenye karatasi na kuufungia katika sefu ya ofisi, na kabla ya kuutegemea niliunakili kutoka kwenye karatasi hiyo herufi kwa herufi, nikafungua faili nao.