Kaunta buku ya baraza la wazee

Nilikuwa nyumbani kanda ya ziwa wiki mbili, nilienda kumuangalia mama mkubwa ambae ndio kanilea tangu niko darasa la tatu, na nimerudi Dar na jambo linanikaa rohoni mpaka leo, ngoja niliandike kabla halijapoa.

Mama mkubwa ana miaka 74 na mwaka juzi walimuingiza kwenye baraza la wazee la kijiji. Kwa ambao hamjui, haya mabaraza sio ya jana wala juzi, Sera ya Taifa ya Wazee imetoka 2003, na mabaraza yanaanzia kijijini au mtaani, yanapanda kata, halmashauri, mkoa mpaka taifa. Kazi yake ni kuishauri serikali kwenye mambo yanayowagusa watu wa miaka 60 kwenda juu, na hao kwa sensa ya 2022 ni zaidi ya milioni 3. Sio watu wachache hao.

Sasa siku ya kuunda hilo baraza lao, anasema mtendaji wa kijiji alikuja na karatasi ina majina tayari. Wote wanaume, karibu wote wastaafu, mwalimu, bwana shamba, mwingine alikuwa karani wa chama cha ushirika enzi za pamba. Watu wazuri tu, nawajua na nawaheshimu. Akawasoma mpaka mwisho, wazee wakapiga makofi, ndio mama mkubwa akanyoosha mkono akauliza, "Sasa baba, katika hawa wote nani anapika?"

Watu walidhani anaongelea chakula cha kikao.

Yeye alikuwa anaongelea macho. Mtu aliekulia kwetu ameshaelewa. Bibi anapika kwa kuni miaka 50, kuni zikikosa anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, jiko liko ndani ya kijumba hakina dirisha, moshi unamla macho mpaka yanakuwa mekundu, halafu yakishakuwa mekundu anaitwa mchawi. Na kwa mikoa yetu, Mwanza, Shinyanga, Tabora na jirani zake, tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga usiku kwa sababu hiyo, miaka na miaka. Nikiwa mdogo nilikuwa naona mama mkubwa anaosha macho kwa maji ya baridi kila akitaka kwenda mnadani, sikujua anaogopa nini. Nimemuuliza safari hii ndio akaniambia. Kwa hiyo baraza la kuzungumzia usalama wa wazee halafu ndani yake hakuna hata mwanamke mmoja mwenye macho mekundu, hilo baraza litajua nini? Wakamuongeza yeye na mama mwingine mjane, basi wakawa wawili.

Nimewaza sana hili jambo kwenye basi wakati narudi. Sisi Watanzania tunapenda wazee, tena toka zamani, TANU yenyewe ilikuwa na baraza lake la wazee wakati wa kudai uhuru. Mwalimu Nyerere vita ya Kagera aliitangaza Novemba 1978 mbele ya wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, na 1985 akiondoka madarakani akawaaga hao hao wazee. Kikwete nae 2010 kwenye sakata la mgomo wa wafanyakazi aliongea na wazee wa Dar es Salaam. Ni utamaduni mzuri na mimi naupenda, ila uangalieni vizuri, pale mzee kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kusikiliza, anaeongea ni kiongozi. Baraza la ushauri ni kinyume chake kabisa, mzee ndio anaongea na serikali ndio inakaa kimya inaandika. Mimi naona hapo ndipo tunapokwama, tunawateua wazee kwa moyo wa kuwahutubia.

Ushahidi wangu ni kaunta buku. Katibu wao yule mwalimu mstaafu ana kaunta buku quire mbili, jalada limeshatoka ameshona na uzi wa gunia, na ndani amechora mistari kwa rula, tarehe, jambo, tumemwambia nani, amejibu nini. Mama mkubwa hajui kusoma, akaomba aazime nimsomee, tukakaa chini ya mwembe namsomea ukurasa kwa ukurasa na yeye anatikisa kichwa, eeh hilo tulisema, eeh na hilo. Dawa za presha hakuna dirishani. Kisima cha karibu na shule mkono umevunjika, vikongwe wanafuata maji mbali. Bibi fulani vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haisomi alama, hapati kitambulisho. Mwandiko mzuri wa kiualimu, kila jambo na tarehe yake. Safu ya nne, amejibu nini, nyeupe. Kurasa kumi na moja, kwenye safu ya nne kuna sehemu mbili tu zimeandikwa, zote "litafanyiwa kazi".

Hilo la dawa nimeliona mwenyewe. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, bango lipo zuri ukutani, mzee kwanza, na kweli tulipishwa hatukukaa foleni, daktari kijana mpole akampima bure. Tukafika dirisha la dawa tukaambiwa hii hakuna kanunue nje. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti mbili zimekunjwa ndogo kama kidonge, ndio nauli yake ya bodaboda ya kurudi. Mimi nilikuwepo nikalipa, lakini siku ambayo sipo?

Kwa hiyo wenye mamlaka ya kuteua, kuanzia huko kijijini mpaka baraza la taifa, naomba kwa heshima zote. Wastaafu wawekeni, wanajua mafaili na wanajua barua inaandikwaje, bila mwalimu yule hata kaunta buku isingekuwepo. Ila wawekeni na ambao hawajawahi kuajiriwa hata siku moja, maana wazee wengi wa nchi hii ni wakulima, wafugaji na wavuvi, hawana pensheni ya mtu yeyote. Wenzetu Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 anapewa pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na 2020 wakatunga kabisa sheria ya mambo ya wazee, wakati sisi Bara tumekaa na sera miaka na miaka bila sheria ya kuishika mkono. Sera ni ahadi, ukinyimwa huna pa kuipeleka. Halafu wapeni nauli jamani. Mama mkubwa kikao cha kata kafika mara moja tu, boda kwenda na kurudi ni hela ya sukari na sabuni ya wiki nzima.

Na yule anaepokea ushauri awe na siku za kujibu, zihesabike. Akikataa akatae, aandike kwa nini, wazee hawaogopi kukataliwa, wanachoumia ni kusema halafu kukawa kimya kama wameongea na ukuta.

Juzi nimetuma kaunta buku mpya kwa basi, quire nne, na peni za bluu na nyekundu. Katibu amenipigia kushukuru, anasema mambo yote ambayo hayajajibiwa anayahamishia ukurasa wa kwanza, na safu ya nne safari hii ameichora pana zaidi.