"Maji yao yakoje?"

Nimerudi Moshi baada ya miaka 11, na kila ninayemwamkia ananiuliza habari za London. Jamani, sikukaa London. Nilikaa Burton upon Trent, kamji ka soko huko Staffordshire ambako siku nyingine ukifungua dirisha asubuhi unapokewa na harufu ya kimea.

Aliyeniuliza swali la maana ni shangazi peke yake. Amepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu sijazaliwa. Nilimkuta anaanua ulezi wake uliokwisha kuota. Baada ya shikamoo na machozi kidogo, akaniuliza: "Hiyo bia yao, maji yake yakoje?"

Kagusa penyewe! Burton bila maji yake ya visima isingejulikana. Chini ya mji kuna jasi, na maji yanayopita humo hutoa bia ng'avu, yenye uchungu mkavu wa hopsi. (Hopsi nilimweleza kuwa ni msesewe wao, yaani mmea wa kuitia bia uchungu kama gome la msesewe kwenye mbege. Akaelewa papo hapo.) Abasia ya hapo ilianza mwaka 1002 hivi, na watawa wake walikuwa wapishi wa bia.

Biashara yenyewe ilipanuka mto Trent ulipoanza kupitika na mashua za mizigo, mwanzoni mwa karne ya 18. Mapipa yakashuka hadi bandari ya Hull, kisha Urusi, ambako walipenda bia nyeusi, nzito, tamu. Napoleon akaja kufunga njia za bahari ya Baltiki, walikopitia kwenda Urusi, na mwaka 1822 Warusi wakapandisha ushuru. Wapishi wa Burton wangekufa njaa. Mmoja wao, Samuel Allsopp, akageukia India na bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, chungu kwelikweli, na maji yale ya jasi ndiyo yaliyoikubali. Bass, kampuni nyingine ya bia ya Burton, nayo haikulala. Pembetatu yake nyekundu ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876.

Hamira iliyobaki nayo haikutupwa. Tangu 1902 kuna kiwanda cha Marmite mjini humo, wanaigeuza kitu cheusi cha chumvi cha kupaka kwenye mkate. Nilimletea kichupa. Alionja kwa ncha ya kidole, akakirudisha kwenye mfuko wangu bila kusema neno.

"Sasa wa miji mingine, wasio na maji hayo?"

Nikamwambia baadhi ya matajiri wa bia wa London walijenga viwanda vingine huko huko Burton, ili wachote maji yale yale. Baadaye wanakemia wakajua siri ni jasi, na wengine wakaanza kuitia kwenye maji yao wenyewe, popote walipo. Viwanda vya Burton, vilivyokuwa 30 hivi miaka ya 1880, vikapungua mpaka vikahesabika kwa vidole.

Shangazi akanijazia kata, akamtazama mjukuu wake anayeshuka na ndoo kutoka chemchemi.

"Na hao waliopima maji, nani aliwaonyesha kisima?"