Samweli hakumrudisha Daudi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na habari ya binti mmoja wa usharika wetu, mwenye umri wa miaka 19, aliyeondoka nyumbani kwa baba yake na mfuko mmoja wa nguo baada ya kupigwa kwa mara nyingine. Jumapili iliyotangulia alisimama kwaya akishika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, uliokuwa umevimba kiwiko, ameufunika kwa kitenge. Alipoondoka, baadhi ya wazee walisema arudishwe upesi akamwombe baba yake msamaha, kwa kuwa imeandikwa, "Waheshimu baba yako na mama yako."

Amri hiyo ni ya Mungu, nami sithubutu kuipunguza. Lakini Paulo alipowakumbusha Waefeso amri hiyohiyo, aliwageukia papo hapo akina baba akawaagiza wasiwachokoze watoto wao, na kwa Wakolosai akataja sababu yake: wasije wakakata tamaa.

Tusome 1 Samweli 19. Mfalme Sauli alikuwa mkwewe Daudi, tena alimwita mwanawe, na bado alimtupia mkuki. Mikali, binti Sauli na mke wa Daudi, akamteremsha mumewe dirishani usiku, naye Daudi akakimbilia Rama, akamweleza nabii Samweli mambo yote aliyotendwa. Samweli ndiye aliyempaka Sauli mafuta, kwa hiyo hakuna aliyejua kuliko yeye heshima anayostahili masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyepakwa mafuta. Hata hivyo hatusomi popote kwamba alimhoji Daudi amemkosea nini mfalme, wala kwamba alimshika mkono kumrudisha. Twasoma kwamba walikwenda pamoja wakakaa Nayothi, huko Rama. Na Daudi, pamoja na kukimbia, hakuacha kuheshimu: kule Engedi, akiwa ameshika mkononi upindo alioukata kwenye vazi la Sauli badala ya kumwua, bado alimwita "baba yangu." Kijana anayesoma haya huku akihofia mlango wa kwao, sikia: unaweza kumheshimu mzazi wako na kumwombea kila siku ukiwa umelala mahali ambapo hakuna anayekupiga. Mungu hakukuagiza kukaa ukiungoja mkuki.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kinyume na hili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18; aliyefikisha umri huo ni mtu mzima, na Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano. Kuondoka kwake si kosa la jinai. Kumpiga na kumjeruhi ndilo kosa. Dawati la Jinsia na Watoto lililoko kituo cha polisi hupokea malalamiko ya namna hii na kumpa aliyeumizwa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017. Aliye chini ya miaka 18 apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, asiachwe atangetange peke yake.

Sasa niseme na wazee wenzangu, na nitasema kwa uchungu. Tunapomrudisha mtoto wa mtu kwenye kipigo kisha tukafunga kikao kwa sala, tunalitumia jina la Bwana kufunika damu. Tumezoea kuuita ukimya wa nyumba amani. Baba huyo ni ndugu yetu, anashiriki Meza ya Bwana pamoja nasi, na ni nani kati yetu aliyekwenda kuketi naye na kumwambia wazi kwamba anatenda dhambi? Huko ndiko ziara ya wazee ilipaswa kuanzia. Msamaha ukihitajika, yeye ndiye wa kuuomba, na asidai binti arudi kama sharti lake.

Binti yuko salama. Alipo sitapataja, wala msiniulize. Vyeti vyake vya shule na kitambulisho vimebaki nyumbani, naye anavihitaji ili aombe chuo. Ninahitaji wazee wawili wa kwenda nami kwa baba yake Jumamosi asubuhi.