Siku ya kwanza ya kulipisha jarida langu

Saa 11 alfajiri niko macho, usingizi wenyewe haukuja vizuri. Leo jarida langu la imeili linaanza kuwa na upande wa kulipia, na barua ya kutangaza bado naipunguza maneno. Nimeisoma kwa sauti nikafuta aya nzima ya "naomba mnivumilie", yani mtu avumilie nini, kazi imefanyika na bei imetajwa basi. Yamebaki mambo matatu tu: kipi bado bure, kipi cha kulipia, na asiyelipa hafukuzwi.

Saa 2 asubuhi nakaa kwenye hesabu. Substack, huduma ya kutumia majarida kama haya, wanakata asilimia 10 ya kila malipo, halafu Stripe wanaopitisha kadi nao wana yao, kwa Marekani kawaida ni asilimia 2.9 na juu yake senti 30 kwa kila muamala. Asilimia sio shida sana, kasheshe ni hizo senti 30 manake hazijali umelipwa kikubwa au kidogo, anayelipa kila mwezi zinakatwa mara 12 kwa mwaka ambayo ni dola 3 na senti 60, wa mwaka mzima zinakatwa mara moja. Na kadi za watu zinaisha muda, kila mwezi ni nafasi nyingine ya malipo kugoma na msomaji hata hajui kama katoka. Ndo maana nimesema anayelipa mwaka analipia miezi 10 tu. Ghost, huduma nyingine ya majarida, wao hawakati kitu kwenye malipo ya wasomaji ila unalipia huduma yenyewe, uwe na wasomaji wanaolipa au usiwe nao, kwa anayeanza mi naona bora kukatwa.

Saa 4 nikatuma. Idadi ya waliofungua siiangalii, inahesabiwa kwa kapicha kadogo kaliko ndani ya barua kanapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha yenyewe hata kama mtu hajagusa barua, kwa hiyo ile namba inadanganya. Naangalia majibu.

Na yalikuja. Mmoja kauliza kama nafungia makala za zamani, hapana, watu wapya wanaingilia humo humo. Mwingine kajitoa bila neno. Mwingine katuma malalamiko marefuuu kwamba maarifa hayauzwi, nikamjibu kwa mstari mmoja, kwa adabu. Halafu yupo aliyetaka kulipa kabisa benki yake ikakataa malipo ya mtandaoni, huyo nimemwingiza kwa mkono asome wakati anahangaika nao.

Mchana wote umeishia hapo.

Saa 10 jioni ndo nimeandika toleo la kwanza la kulipia, na hapa ndo pagumu kuliko bei. Wengi wanafungia makala yao bora, mi naona ni kujinyonga, makala bora ndo inayotumwa kwa marafiki na ndo inayoleta msomaji mpya. Wahenga walisema kizuri chajiuza ila hawakuwahi kukiweka nyuma ya ukuta wa malipo. Kwa hiyo makala yenyewe ya uchunguzi inabaki wazi kwa wote, wanaolipa wanapata nyaraka nilizotumia, maswali na majibu, na yale yaliyotokea baada ya makala kutoka.

Saa 3 usiku imeingia imeili, ofisi moja wanauliza kama wanaweza kulipia mmoja wakasoma wote. Nimewaambia kesho nitawapa bei ya kundi. Bei yenyewe sijaipanga bado.