Tunaenda Namugongo kwa miguu

Jamani viatu nishapata, vya zamani maana vipya vitanichuna, kazi iliyobaki ni ya moyo. Tunatoka Bungoma na kikundi cha parokia, tunavuka mpaka pale Malaba halafu Tororo, Iganga, Jinja, Mukono mpaka Namugongo, pale mahali pa hija karibu na Kampala, Uganda, tuwahi tarehe 3 Juni, siku aliyochomwa Karoli Lwanga na wenzake, wale mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, mwaka 1886. Wengi wao walikuwa vijana tu na hiyo ndiyo inanishika kila nikisali, mtoto wa watu anaambiwa akane imani aende zake nyumbani na anakataa.

Kusema ukweli naogopa, na sio umbali, naogopa ule ukimya wa barabarani saa kumi alfajiri mmechoka hata rozari inasaliwa kwa kunong'ona, maana hapo ndipo msiba wa baba utanirudia na sina pa kujificha. Mama ameniambia, "Mwanangu, ukilia lia tu, lakini usisimame."

Nitakuwa natuma voisi kila jioni tukifika pa kulala. Mwenye nia yake ya kuombewa aniandikie, naiweka kwa daftari niibebe mpaka kwa mashahidi, ya shangazi anayeugua figo ishaingia ukurasa wa kwanza.