Usimwekee mto aliyezirai
Kinachonihuzunisha kila mtu anapozirai sokoni au stendi ni kuona wasamaria wema wakikimbilia kumwekea mto, ilhali mtu asiye na fahamu akilala chali misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma na kuziba koo, na mto huzidi kuikunja shingo. Weka kiganja kwenye paji la uso, na vidole viwili vya mkono wa pili kwenye mfupa wa kidevu (si kwenye nyama laini iliyo chini yake), kisha rudisha kichwa nyuma taratibu huku ukiinua kidevu. Sikiliza pumzi na utazame kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Akipumua vizuri, mlaze ubavu. Asipopumua, au akitweta kwa kukatikakatika, ita msaada na uanze kukandamiza kifua mara moja.