Kumbukumbu ya mradi: kuituliza feni ya kompyuta ya kurekodia, Arusha

Mwisho wa Mei

Nawarekodi wazee wa kwetu, upande wa Meru, wakisimulia mambo ya ukoo: nani alihamia wapi, shamba lilipatikanaje, mvua ilitabiriwaje kwa kuangalia mlima. Mzee hasimulii mbio. Anasema, ananyamaza, anaendelea, na huo ukimya wa katikati una uzito sawa na maneno. Maiki yangu inausikia ukimya huo ukiwa umejaa feni.

Chumba ninachorekodia hapa Kijenge ni kidogo, na kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya wati 65. Kuihamishia chumba cha pili haiwezekani. Kuizima nayo haiwezekani, maana ndiyo inayorekodi.

Nimeisikiliza kwa makini kabla ya kugusa chochote, na nimeridhika kwamba tatizo kubwa ni kupanda na kushuka kwa mlio, kuliko ukubwa wake. Natumia programu ya Audacity kusafisha sauti. Unaipa sampuli ya kelele tupu, nayo inapunguza kelele ya namna hiyo kwenye rekodi nzima. Kelele ikiwa ile ile toka mwanzo hadi mwisho, inatoka vizuri. Feni ikibadili mlio katikati ya hadithi, sampuli haifanani tena na kilichopo, na unabaki na sauti ya bibi iliyokwanguliwa. Kwa hiyo lengo la mradi ni hili: feni ipunguze sauti, lakini kwanza kabisa ishike mlio mmoja.

Kazi ya kwanza imekuwa usafi. Vumbi letu la kiangazi ni udongo laini wa volkano. Linapita kwenye kila tundu na lilikuwa limejaa katikati ya mapezi ya alumini juu ya prosesa kama blanketi. Nimelitoa kwa bloa na brashi ya rangi. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu upepo wa bloa unaweza kuizungusha kupita kasi iliyotengenezewa na kuumiza beringi. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na mapezi ili joto lipite, ilikuwa imekauka ikawa unga, nimeifuta kwa spiriti na kupaka mpya. Kwa hayo tu, joto la prosesa isiyo na kazi limeshuka kutoka nyuzi 52 hadi 43. Mtu asiyetaka kuendelea na mengine yote ya hapa chini, afanye walau hili.

Juni

Feni ni tatu: ya prosesa, ya nyuma ya kasha, na ya ndani ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme wa ukutani. Ya pawasaplai siigusi. Kapasita za mle ndani hubaki na chaji ya kutosha kuua hata waya ukiwa umechomolewa ukutani, na sioni feni inayostahili hatari hiyo.

Ya prosesa ina waya nne, ya nyuma ina waya tatu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuiendesha. Kwenye waya tatu una volti 12, hasi, na waya unaoripoti mizunguko; feni hutuma mapigo mawili kwa kila mzunguko mmoja. Ukitaka iende taratibu inabidi upunguze volti. Kwenye waya nne, volti 12 zinabaki palepale, na waya wa nne unapeleka mapigo ya PWM (ishara inayowashwa na kuzimwa haraka haraka) yanayoiambia feni itumie nguvu kiasi gani. Kiwango chake ni mapigo 25,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu, kwa hiyo mapigo yenyewe hayasikiki.

Feni ya nyuma, ya milimita 120, ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye pawasaplai. Maana yake ilikula volti 12 usiku na mchana, mizunguko 1,500 kwa dakika, hata nikiwa naandika barua tu. Nimeihamishia kwenye soketi ya feni ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kisha nikaingia BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, na kubadili soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, yaani kuendesha feni kwa kubadili volti. Bila kubadili hapo, feni ya waya tatu inaendelea kuzunguka kasi yote, na mtu anaweza kudhani soketi imekufa.

Hesabu za feni zinafurahisha, na ndizo zilizonipa moyo. Hewa inayosukumwa inapungua sawasawa na kasi: nusu ya kasi, nusu ya hewa. Nguvu ya umeme inafuata kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu (nusu mara nusu mara nusu), kwa hiyo kwenye nusu ya kasi feni inahitaji sehemu moja ya nane tu. Na kelele, kwa kanuni wanayotumia mainjinia, inashuka kwa takriban desibeli 15. Sasa tazama: ukiweka feni mbili zinazofanana bega kwa bega, kila moja kwenye nusu ya kasi, unarudisha hewa yote ya mwanzo, na kelele ya mbili kwa pamoja inaongezeka desibeli 3 tu juu ya ile ya moja. Bado umeokoa desibeli 12. Kwa moyo huo nimenunua feni ya pili ya milimita 120 na kuifunga mbele ya kasha iingize hewa, nyuma itoe, ingawa zikifuatana hivyo hewa haijumlishwi kama zikiwa bega kwa bega.

Nimeinunua kwa fundi mmoja mzee mtaa wa Goliondoi. Nilipomsalimia na kumweleza ninachotaka, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, feni ukiipunguza, mashine itakaangika."

"Siipunguzi wakati wote, mzee. Kazi ikiwa nyingi inaongeza yenyewe."

"Na ikisahau kuongeza?"

Ni swali zuri, na nimelifanyia kazi. Prosesa za Intel za aina hii zina ulinzi wao wa ndani: joto likikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe, na likizidi kupanda zinaizima kompyuta. Huo ni ulinzi wa mwisho, si mahali pa kuishi. Nimejiwekea kikomo cha 75, na mzee ameniuzia feni akaniambia nimrudishie jibu.

Julai

BIOS ina mpangilio wake wa feni, lakini kwenye mazabodi hii unachagua kati ya hali chache tu, na hali ya kimya bado inarukaruka. Nimehamia kwenye Linux yenyewe, mfumo unaoendesha kompyuta hii. Kifurushi ni lm-sensors. Unaanza na sensors-detect itambue chipu ya vipimo, halafu pwmconfig, ambayo inasimamisha feni moja baada ya nyingine ili ijue kila soketi inaendesha feni ipi. Wakati wa jaribio hilo funga programu nzito zote, maana kuna sekunde ambazo prosesa haina upepo kabisa. Mwishoni inaandika faili la /etc/fancontrol, na huduma ya fancontrol inalifuata.

Namba za PWM zinaanzia 0 (kuzima) hadi 255 (kasi yote). Faili linataka uelewe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. MINSTOP ni kiwango cha chini ambacho feni inayozunguka bado itaendelea kuzunguka. MINSTART ni kiwango kinachoweza kuiamsha feni iliyosimama, na kwa kawaida kiko juu zaidi, kwa sababu kuanza mwendo kunataka nguvu kuliko kuuendeleza. Yangu ya prosesa inaendelea kwenye 55 lakini haiamki chini ya 80. Vilevile kuna MINPWM: usipoiandika inahesabiwa kuwa sifuri, na feni itasimama kabisa joto likiwa chini ya MINTEMP, yaani joto ambalo feni inaanza kuongeza kasi. Mimi nimeandika 70, na MINSTOP nimeiandika 70 pia, kwa kuwa fancontrol haikubali MINPWM iliyo juu ya MINSTOP. Feni isiyosimama haina mlio wa kuanza.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kiini cha mradi. Joto la prosesa linaruka. Ukifungua ukurasa mmoja wa intaneti, kipimo kinatoka 44 hadi 60 na kurudi ndani ya sekunde mbili. Lakini lile bati la alumini na shaba juu yake ni zito; linachukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kupoa. Feni inayokimbilia kila mruko inapoza kitu ambacho bado hakijapata joto. Kelele ile yote ilikuwa ya bure.

Kwa hiyo nimeicheleweshea feni habari. INTERVAL nimeiacha 10, yaani fancontrol inaangalia joto kila sekunde 10, na AVERAGE nimeiweka 6, ili itumie wastani wa vipimo sita vya mwisho. Feni sasa inaona dakika nzima iliyopita badala ya mruko mmoja. MINTEMP ni 55, na MAXTEMP, joto ambalo feni inafika kasi yote, ni 75. Wakati wa kurekodi prosesa hukaa kati ya 42 na 50, chini ya MINTEMP, na feni hazibadiliki hata kidogo. Nimeendesha programu ya stress-ng kwa nusu saa kuitesa prosesa, na joto limesimama kwenye 71 feni zikipanda taratibu kama nilivyopanga.

Onyo moja kwa wanaofuata njia hii: kompyuta ikiamka kutoka usingizini, chipu inaweza kurudi kwenye mpangilio wa BIOS. Washa upya huduma ya fancontrol. Na baada ya kusasisha mfumo, majina ya hwmon, ambayo Linux inavipa vifaa vya vipimo, yanaweza kubadilika namba. Fancontrol ikiona hayalingani na faili inakataa kuanza, jambo ambalo nalishukuru, kwa kuwa ingeweza kuendesha feni isiyo yake.

Oktoba

Julai ilinipendelea. Usiku wa Kijenge mwezi ule chumba kilikuwa nyuzi 16. Mchana wa leo ni 27, na prosesa imepanda karibu kiasi hicho hicho. Kinachopozwa na feni hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Halafu kuna mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Mizunguko ile ile inasukuma hewa ya ujazo ule ule lakini yenye uzito mdogo, na uzito ndio unaobeba joto. Anayenakili namba za mtu wa Dar es Salaam azingatie hilo, naye wa Dar akinakili zangu akumbuke joto la kwake.

Nimepandisha MINPWM ya feni za kasha hadi 95, na MINSTOP pamoja nayo. Nilijaribu 85, na pale ubavu wa kasha ulianza kuvuma. Kasi ile inalingana na mtikisiko wa bati lenyewe. Kila kasha lina kasi yake ya namna hiyo, itafute na uiruke. Chini ya kasha nimeweka vipande vya mpira wa tairi kutoka kwa mshona katambuga, na meza haipokei tena mtetemo.

Mzee wa Goliondoi nimempelekea jibu, pamoja na rekodi ya bibi yake rafiki yangu, dakika nne, ameisikiliza kwa hedifoni yake mwenyewe. Amesema anasikia kuku wa jirani, feni haisikii. Kuku sina namna nao. Kilichobaki ni chujio la soksi ya nailoni mbele ya feni inayoingiza hewa kabla vumbi la Januari halijafika, na kupima upya joto baada ya kuliweka, kwa sababu chujio nalo linabana hewa.